Shajara ya mradi: kuliandaa gari la Mwanza kwa baridi ya Njombe

18 Februari 2024: Gari lenyewe na sababu ya kazi hii

Gari ni Toyota Hilux ya mwaka 1999, yenye injini ya dizeli aina ya 3L ya sentimita za ujazo 2,779. Nimelitumia hapa Mwanza kwa miaka sita, na kwa muda wote huo limewaka asubuhi bila kunihangaisha, kwa kuwa hata Juni na Julai, ambayo kwetu ndiyo miezi ya baridi, alfajiri ya Nyegezi haishuki sana chini ya nyuzi joto 15. Julai mwaka jana nilikwenda nalo Njombe kwa wakwe zangu, safari inayozidi kilomita 1,100 kwa kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Iringa, na huko likanigomea asubuhi tatu mfululizo. Stata ilizunguka kwa kujivuta kama mtu anayesonga ugali mgumu, moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi ukatoka nyuma, na injini isishike. Kila asubuhi vijana wanne walilisukuma kwenye mteremko mpaka likawaka. Hata lilipowaka halikupata moto: mshale wa joto ulibaki chini, hita ya ndani ilipuliza hewa baridi, na kioo cha mbele kikajaa ukungu kiasi kwamba mke wangu alikuwa akikifuta kwa khanga tukiwa mwendoni.

Julai hii tuna harusi ya shemeji yangu huko huko, na sitaki kuwaamsha vijana wa watu alfajiri tena. Nimejipa miezi minne. Nitaandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama yake, ili mwenye gari la namna hii hapa kanda ya ziwa aweze kufuata njia niliyopita na kuyaepuka makosa yangu.

2 Machi: Betri mpya iliyonunuliwa kabla ya kupima

Kila niliyemsimulia habari ya Njombe alijibu kwa neno moja: betri. Nikaamini, nikanunua betri mpya ya saizi ya N70 kwa shilingi 260,000, nikaifunga na kuhesabu kwamba nusu ya kazi imekwisha. Wiki moja baadaye mvua kubwa ya radi ilitoka ziwani usiku, asubuhi kipimajoto cha barazani kikasoma nyuzi 18, na stata ikajivuta vile vile kama zamani.

Hapo ndipo niliponunua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, shilingi 25,000, ambayo ilipaswa kuwa ununuzi wa kwanza. Betri ya zamani, baada ya kukaa usiku mzima bila kuguswa, ilisoma volti 12.6. Betri ya gari iliyojaa husoma 12.6 au 12.7, na ikisoma 12.2 inakuwa imebakiwa na nusu tu. Altaneta nayo ilikuwa ikichaji kwa volti 14.2 injini ikiunguruma, na kiwango chochote kati ya 13.8 na 14.5 ni kizuri. Kwa maneno mengine, niliondoa betri nzima nikaweka betri nzima.

16 Machi: Kuitafuta baridi Kirumba

Tatizo kubwa la mradi huu ni kwamba ugonjwa uko Njombe na mgonjwa yuko Mwanza. Betri ya asidi ikifika nyuzi sifuri hutoa takriban theluthi mbili tu ya nguvu inayotoa kwenye joto la kawaida, kwa hiyo betri inayosoma vizuri hapa bado inaweza kushindwa huko. Nilitaka kuliona jambo hilo kwa macho yangu kabla ya kuondoka.

Nilikwenda mwalo wa Kirumba, ambako barafu huuzwa kwa wafungaji wa samaki, nikanunua ya shilingi 6,000. Betri ya zamani niliitia ndani ya mfuko wa nailoni mzito ili maji yasiifikie, nikaiweka katikati ya beseni kubwa, nikaizungushia barafu iliyopondwa hadi karibu na vichwa vyake na kuifunika kwa magunia hadi asubuhi. Kisha niliifunga kwenye gari haraka, nikachomoa waya wa swichi inayokata dizeli kwenye pampu ili injini isiwake, na kijana wangu akazungusha ufunguo kwa sekunde kumi huku mimi nikipima moja kwa moja kwenye vichwa vya betri.

Nilitarajia kuona volti zikiporomoka chini ya 9.6, ambayo ndiyo dalili ya betri iliyochoka. Zilishuka hadi 10.9 tu, na hata hivyo stata ilikuwa ikijikokota. Betri mpya, baada ya kulala kwenye barafu iliyobaki, ilisoma 11.0 na stata ikajikokota vile vile. Nilikaa na namba hizo mbili jioni nzima. Stata inayopata umeme wake wote huvuta mamia ya ampea na lazima volti za betri zishuke. Zikibaki juu huku stata ikizunguka polepole, maana yake umeme hautoki kwenye betri kwa wingi unaohitajika, na kizuizi kiko njiani.

Kesho yake niliweka ncha moja ya multimita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kijana akazungusha ufunguo, na kipimo kikasoma volti 1.4. Upande huo haufai kupoteza zaidi ya volti 0.2 au 0.3. Waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini ulionekana mzima kwa nje, lakini nilipoupasua mpira wake karibu na kiungio, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani. Waya mpya mnene wenye viungio vya kubana uligharimu shilingi 18,000. Nilipiga msasa mahali unapofungwa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga, na kupaka grisi juu yake kuzuia kutu isirudi.

Sasa stata inazunguka kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia tangu ninunue gari hili, na volti kwenye vichwa vya betri zinashuka hadi 10.3. Mtu asishtuke kuona namba imepungua baada ya matengenezo: imepungua kwa sababu umeme sasa unapita. Kama ningepima hivi Februari, zile 260,000 zingekuwa bado mfukoni.

13 Aprili: Hita plagi zilizonidanganya

Stata imepona, lakini moshi mweupe wa asubuhi za mvua haujaondoka, na moshi huo ni dizeli iliyopita bila kuungua. Injini hii haina plagi za cheche. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, na katika 3L hupulizwa kwanza ndani ya chemba ndogo iliyo kando ya silinda, ambayo kuta zake, zikiwa baridi, hunyonya joto hilo kabla halijafanya kazi. Hita plagi, moja kwa kila silinda, ndizo zinazoipasha chemba hiyo sekunde chache kabla ya kuwasha. Mchana wa Mwanza injini huwaka hata zikiwa zimekufa, kwa hiyo mtu anaweza kuishi nazo miaka bila kujua. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa si baridi tu bali pia ni nyepesi, na ikigandamizwa haifikii joto linalofikiwa hapa ziwani.

Nilizipima kwa balbu ndogo ya volti 12: waya wake mmoja kwenye chanya ya betri, wa pili kwenye kichwa cha hita plagi, na balbu ikiwaka maana yake uzi wa ndani haujakatika. Balbu iliwaka kwa zote nne. Nikaandika kwenye daftari kwamba ni nzima, nikahamia kwenye mfumo wa dizeli, nikabadilisha filta, nikamwaga maji yaliyokusanyika chini yake, na kupoteza wiki mbili bila moshi kupungua hata kidogo.

Fundi mmoja kijana wa Mabatini, ninayemwamini kwa sababu huuliza kabla ya kushika spana, aliniuliza swali moja: "Mzee, lile bamba uling'oa kwanza?" Sikuwa nimeling'oa. Hita plagi zote nne huunganishwa kwa bamba moja la chuma juu ya vichwa vyake, na bamba likiwa mahali pake, balbu ikigusa kichwa chochote hupata njia kupitia ile moja iliyo hai. Tuliling'oa, tukapima upya, na balbu ikawaka kwa moja tu. Tatu zilikuwa zimekufa, na sijui tangu lini.

21 Aprili: Hita plagi zisizo zake

Nilinunua nne kwa shilingi 15,000 kila moja, jumla 60,000, kwa kulinganisha urefu na nyuzi za kufungia tu. Gari likawaka kwa mguso mmoja kwa asubuhi nne, na ya tano moshi ukarudi. Tulipozifungua, ncha za mbili zilikuwa zimevimba na moja imepasuka. Ndipo niliposoma alama iliyopigwa ubavuni: volti 6. Zile za zamani, nilizokuwa nimezitupa kwenye boksi, zilikuwa za volti 12.

Injini za familia hii zilitolewa na mifumo zaidi ya mmoja ya kupasha chemba. Upo ule rahisi, unaopeleka volti zote 12 kwenye plagi za volti 12, na upo ule wa plagi za volti ndogo zinazopashwa kwa haraka, kisha rilei ya pili, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, hupunguza umeme zisiungue. Umbo lake linafanana mno. Plagi ya volti 6 kwenye mfumo wa kwanza hung'aa haraka na kumfurahisha mwenye gari kwa siku chache, kisha hufa, na ncha yake ikikatikia ndani ya silinda inaweza kuharibu kichwa cha pistoni. Ninaomba anayefuata shajara hii asome alama ya plagi ya zamani kabla ya kutoka nyumbani.

Seti ya pili, ya volti 12, ilikuwa shilingi 28,000 kila moja, jumla 112,000. Kila moja ilisoma takriban omu 1 kabla ya kufungwa, na kwenye bamba nilipata volti 11.8 ufunguo ukiwa mahali pa kupasha, kwa hiyo rilei na fyuzi ni nzima. Tulizifungua za zamani injini ikiwa ya moto, kwa sababu zikiwa baridi hukatikia ndani kwa urahisi.

11 Mei: Maji ya rejeta

Kwa miaka sita nimejaza rejeta maji ya bomba, na safarini maji yoyote niliyoyakuta. Nilipoyamwaga yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Ili kuwaonyesha watu wa nyumbani kwa nini nanunua kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia maji kuganda, nilijaza chupa mbili za soda, moja maji ya bomba na nyingine mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi, nikaziweka kwenye friza usiku kucha. Ya maji ilitoka ngumu kama jiwe, kitako chake kimetuna na haiwezi kusimama, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Ya mchanganyiko ilitikisika kama kawaida. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hauanzi kuganda mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Kutanuka huko kukitokea ndani ya bloku ya injini, kinachopasuka ni chuma. Hata kwa asiyetoka Mwanza maisha yake yote, kulanti hulinda vyuma visiliwe na kutu, na rangi ya yale maji ilitosha kunishawishi.

Tulisafisha mfumo mara tatu kwa maji hadi yakatoka meupe, na ndipo rejeta ikaanza kuvuja mahali pawili. Ile kutu niliyoifukuza ndiyo iliyokuwa imeziba matundu. Fundi wa rejeta aliifungua, akaichokonoa na kuilehemu kwa shilingi 55,000. Kulanti lita 6 kwa 11,000 kila lita ilikuwa 66,000, na maji ya betri 9,000. Tuligundua pia kwamba mipira miwili ya hita ya ndani ilikuwa imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe, hita ikaachwa nje ya mzunguko. Huenda iliwahi kuvuja na aliyeitengeneza akaona hapa hakuna wa kuihitaji. Tuliijaribu kwa maji ya shinikizo ndogo, haikuvuja, tukairudisha. Mipira na vibano 24,000.

25 Mei: Thamostati

Thamostati ni kifaa kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Nilipofungua nyumba yake nilikuta tupu. Ni desturi ya gereji nyingi za kwetu kuing'oa thamostati kwa hoja kwamba nchi hii ni ya joto na kifaa hicho ni cha Ulaya, na ninawaelewa wanaosema hivyo, kwa kuwa thamostati mbovu iliyokwama imefungwa huua injini kwa dakika chache. Lakini siafiki. Injini isiyofikia joto lake hula dizeli zaidi na kuisaga silinda mapema, na katika injini nyingi thamostati ndiyo pia inayoziba njia ya mkato ya maji, kwa hiyo ikiondolewa sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Kwa safari ya Njombe hakuna mjadala: bila hiyo hakuna hita, na bila hita kioo hakioni.

Ile mpya ya nyuzi 82 ilikuwa shilingi 32,000 na gasketi 5,000. Niliijaribu kwanza jikoni, nikaining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Ilianza kufunguka nyuzi 82 kama ilivyoandikwa. Kufunguka kabisa ilikaribia tu, kwa sababu kwa mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,100 maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi na hayapandi tena.

Kosa lililofuata lingeweza kunigharimu injini. Nilifunga mchana, nikajaza kulanti, nikaenda mjini, na kwenye foleni ya Mkuyuni mshale ukapanda hadi karibu na alama nyekundu huku hita ikipuliza hewa baridi. Mambo hayo mawili yakitokea pamoja, hewa imenaswa ndani. Nilizima, nikasubiri saa nzima bila kugusa kifuniko cha rejeta, nikavutwa hadi nyumbani. Thamostati ina kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza, ambacho kazi yake ni kupitisha hewa wakati wa kujaza, na lazima kikae juu kabisa. Mimi nilikiweka chini. Niliifungua, nikaigeuza, nikatumia gasketi nyingine ya 5,000, nikaegesha gari pua ikiwa juu kwenye mteremko wa kwetu, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, na kujaza polepole injini ikiunguruma mpaka mapovu yakaisha. Sasa mshale unasimama katikati na hautikisiki, hata kwenye vilima vya Bwiru.

8 Juni: Madogo

Oili niliyokuwa nikitumia ni ya gredi moja, 40, ambayo haina kipimo cha baridi; nimeweka 15W-40, ambapo ile W inahusu wepesi wa oili wakati wa baridi. Pamoja na filta, 85,000. Waipa mpya 20,000. Upepo wa matairi hupungua kwa takriban paundi moja kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6, kwa hiyo tairi lililopimwa mchana wa Mwanza litakutwa limepungua paundi tatu au nne alfajiri ya Njombe. Nitapima huko, asubuhi, kabla ya kutembea.

5 Julai: Njombe

Saa 12 asubuhi kipimajoto nje ya nyumba ya baba mkwe kilisoma nyuzi 4. Nilipasha mara mbili, nikisubiri taa ya hita plagi izime kila mara, na injini ikashika kabla stata haijamaliza mzunguko wa tatu. Moshi mweupe ulitoka kwa muda usiofika dakika moja. Baada ya kilomita tano hita ilikuwa ya moto na kioo kikavu. Matairi yalikuwa yamepungua paundi tatu.

9 Julai: Upande wa Makete

Tulilala usiku mmoja kwa ndugu kuelekea Makete, juu zaidi, na asubuhi sakitu, yaani umande ulioganda, ilikuwa imeshika kioo na boneti. Mwenyeji wetu alikuja na birika la maji ya moto kwa nia njema, nikamzuia, kwa kuwa kioo baridi kikimwagiwa maji ya moto hupasuka. Tuliiparura sakitu kwa kadi ya plastiki huku injini ikipata moto. Waipa zilikuwa zimegandamana na kioo. Nilizinyanyua kwa mkono kwanza, kwani ukiziwasha zikiwa zimeganda huchana mpira wake au kuunguza mota. Injini iliwaka kwa kupasha mara tatu.

15 Julai: Mwanza

Nilipofungua boneti nyumbani nilikuta kulanti imepungua kama nusu lita. Hakuna alama ya kuvuja gari likiwa la moto. Nilisubiri hadi alfajiri, na tone likaonekana kwenye kibano kimoja cha mipira mipya ya hita: mpira na chuma vikipoa husinyaa kwa kiwango tofauti, na kibano kilichokazwa mchana wa Mwanza kilikuwa kimelegea kwenye baridi ya Makete. Nilikikaza nusu mzunguko, pamoja na vingine vitatu, nikajaza kilichopungua kwa mchanganyiko uliobaki.

Jumla ya matumizi, bila dizeli ya safari wala filta yake, ni shilingi 782,000. Kati ya hizo 325,000 ni za makosa: betri isiyohitajika, hita plagi za volti 6, na gasketi ya pili ya thamostati. Betri ya zamani nimempa kijana wangu kwa taa za sola, na bado inasoma 12.6.